Kabla ya kuuliza fremu, uliza nguzo

Nimepiga picha za milipuko kwenye machimbo ya kokoto ya Lugoba kwa miaka kadhaa, na vijana huniuliza swali lilelile: "Kaka, hiyo kamera inapiga fremu ngapi kwa sekunde?" Laiti wangeuliza nguzo ya kipimo naisimamisha wapi, ile fimbo ya urefu unaojulikana ninayoilinganisha na picha ili nijue mawe yamekwenda mita ngapi.

Mara ya kwanza niliisimamisha pabaya. Kamera ilikuwa mita 300 kutoka kwenye mwamba, nami kwa uvivu wa kupanda vifusi nikaichomeka nguzo mita 10 mbele ya mwamba, upande wa kamera. Video ikatoka safi, watu wakashangilia. Lakini nguzo iliyo karibu huonekana ndefu, kwa hiyo kasi ya mawe ikatoka pungufu kwa asilimia 3 hivi.

Utasema asilimia 3 si kitu. Mwaka 1950 Mwingereza G. I. Taylor alichapisha hesabu ya bomu la Trinity, lililolipuliwa New Mexico Julai 1945. Alitumia picha zilizoandikwa muda na kipimo cha mita, akapata nishati sawa na takribani tani 17,000 za baruti ya TNT. Katika kanuni yake nusu kipenyo cha tufe la moto hupandishwa kipeo cha 5. Kosea asilimia 3 hapo, nishati inakwenda kombo kwa karibu asilimia 16. Tangu nilipoelewa hilo, vifusi napanda.

Tuje kwenye fremu. Mwamba unaosukumwa mita 15 kwa sekunde husogea sentimita 1.5 kila milisekunde. Picha yangu ina pikseli 1,280 kwa upana wa mita 25, yaani pikseli moja ni kama sentimita 2. Fremu 1,000 kwa sekunde zanitosha. Nikipanda hadi 5,000 nalipia fremu ambazo jiwe halijasogea, na kamera nyingi hupunguza ukubwa wa picha ili ziwahi. Shata, yaani muda ambao kamera hupokea mwanga kwa kila fremu, ndiyo usiionee huruma: sekunde 1/10,000, jiwe lisiache mkia. Jua kali la mchana, linalotuchoma visogo, hapo ni neema.

Sifuri ya muda, yaani pale unapoanza kuhesabu sekunde za mlipuko, usiichukue kwenye mlio. Kwa mita 300 sauti huchelewa karibu sekunde 0.9. Mwombe mlipuaji apitishe mrija wa kiwashio, ule unaopeleka moto kwenye baruti, mahali kamera inapouona, uhesabu kuanzia mmweko wake.

Na kamera iache peke yake, ndani ya sanduku la chuma lenye kioo kinene, wewe na wenzako mkae mbali. Kioo changu nimeshakibadilisha mara mbili.