Mtetemo Utofautishwe kwa Mapigo, Si kwa Nguvu

Mhariri, wiki hii mmetuuliza wasomaji: "Kama ungepewa kazi ya kupanga namna simu inavyotetemeka arifa inapoingia, ungeanzia wapi?" Mimi ni fundi simu, nami ningeanzia kwenye mota yenyewe, ambayo nadhani wabunifu wengi wa programu hawajapata kuishika mkononi.

Katika simu nyingi za bei nafuu, mota hiyo ina kipande cha chuma kilichoelemea upande mmoja wa mhimili. Kinapozunguka, uzito huo usiolingana ndio unaoitikisa simu nzima. Kasoro yake ni kwamba huchelewa kushika kasi na huchelewa kusimama, hivyo ukiipa mapigo mafupi yaliyobanana, huungana yakawa mngurumo mmoja. Simu za bei ya juu hutumia mota ambayo uzito wake huenda na kurudi juu ya springi, ikatoa pigo kavu kama la ukucha kwenye kioo. Ni mota ya namna hiyo iliyoiwezesha iPhone 7 ya mwaka 2016 kuwa na kitufe kisichobonyea, ilhali kidole kinaamini kimebonyeza. Mbunifu anayejaribia kazi yake kwenye simu ya aina hiyo hujidanganya bila kujua.

Kwa sababu hiyo, ningetofautisha arifa kwa mapigo marefu na vituo vilivyo wazi, wala si kwa nguvu, maana nguvu humezwa na kitambaa cha mfuko. Hilo nilifundishwa na mteja wangu, fundi cherehani asiyesikia, aliyetaka kujua malipo yameingia bila kuacha kushona. Kwanza tulipandisha mtetemo hadi mwisho na kuiweka simu mezani. Cherehani ilipoanza kukimbia, meza nzima ikatetemeka, arifa isitambulike. Tukaihamishia mfuko wa shati, tukachagua pigo moja refu, kituo cha kama nusu sekunde, kisha mapigo mawili, kwa malipo peke yake. Makundi ya WhatsApp tuliyanyamazisha yote, na nakiri kwamba nusu ya mafanikio ilitoka hapo. Tangu Android 8.0 ya mwaka 2017, mtengenezaji wa programu anaweza kuipa kila aina ya arifa mtetemo wake, lakini wengi bado hutumia mmoja kwa yote.

Wa rika langu wanakumbuka mlio wa ujumbe wa Nokia: mitatu mifupi, miwili mirefu, mitatu mifupi, yaani herufi SMS kwa alama za Morse, zinazoandika herufi kwa milio mifupi na mirefu. Wengi hawakuijua Morse, lakini mpangilio ule walioutambua hata simu ikiwa chumba cha pili ni wengi mno.

Nisingezidisha mipangilio mitatu: pesa, watu wa nyumbani, na mengineyo. Arifa isiyojibiwa irudiwe mara tatu, kama hodi, kisha simu inyamaze. Zile zinazotetemeka bila kukoma hutembea zenyewe mpaka ukingo wa meza, na ndizo zinazoniletea wateja wa kubadilishiwa vioo.