Mtafute daktari wa mbwa wako kabla mbwa hajaugua

Mbwa wetu wa kwanza hapa Kansanga aliishi nasi wiki sita tu. Tulimwita Simba. Tulimchukua kwa jirani akiwa na miezi miwili, mweusi, ana doa jeupe kifuani. Alichanjwa, na jambo hilo lilinisumbua kwa muda mrefu: nililipa, nikaiona sindano ikiingia kwa macho yangu, nikapewa na kikaratasi. Kisha Jumapili moja akakataa uji. Jioni akaanza kutapika povu, na usiku akawa anaharisha damu, ile yenye harufu ambayo ukishaisikia mara moja huwezi kuisahau. Jumanne kabla ya jua kuchomoza alikuwa ameshakufa. Binti yangu, aliyekuwa darasa la pili, alimfunika kwa sweta yake ya shule na hakutaka tena kuivaa.

Ule ulikuwa ugonjwa wa parvo, wa virusi vinavyoshambulia utumbo wa mbwa. Na yule aliyemchanja alikuwa kijana aliyepita nyumba kwa nyumba. Hapa Kampala yeyote anayeshika sindano huitwa "musawo", yaani daktari, nami nilimwita hivyo hivyo, sikumuuliza amesomea wapi. Kichupa cha chanjo alikitoa mfukoni mwa suruali, saa nane mchana, jua linawaka.

Daktari niliyempata baadaye ndiye aliyenifungua macho. Chanjo za mbwa hutakiwa zikae kwenye baridi ya nyuzi 2 hadi 8 tangu kiwandani mpaka siku ya kuchanja. Ndani ya chanjo ya parvo mna virusi hai vilivyodhoofishwa; joto likiviua, mbwa anachomwa maji. Halafu hata kama ingekuwa nzima, sindano moja isingetosha. Mtoto wa mbwa hunyonya kinga kutoka kwa mama yake, na kinga hiyo, wakati bado ina nguvu, huizuia chanjo isifanye kazi. Hakuna anayejua kwa kumtazama tu itaisha lini. Ndiyo maana huanza kuchanjwa akiwa na wiki 6 hadi 8, akarudiwa kila baada ya wiki 3 au 4, mpaka atimize wiki 16. Mimi nilidhani nimeshamaliza, kumbe ndiyo kwanza nilikuwa naanza.

Hatukuleta mbwa mwingine haraka. Virusi vya parvo hukaa kwenye udongo hata zaidi ya mwaka, na sabuni ya kawaida haiviwezi. Sakafu ya saruji tuliisugua kwanza, kisha tukaimwagia jiki, kipimo kimoja kwa vipimo 30 vya maji, tukaiacha ilowe. Udongo wa uani haukuwa na dawa ya uhakika. Tulikubaliana kwamba mbwa atakayefuata hatakanyaga ua ule kabla ya kumaliza chanjo zake zote.

Muda huo nikautumia kutafuta kliniki. Nilikwenda tatu, bila mnyama yeyote mkononi, na kote niliomba jambo moja: nionyesheni friji. Kwenye ya kwanza chanjo zilikuwa zimebanwa kati ya soda na chakula cha mchana cha wafanyakazi. Kwenye ya pili dada wa mapokezi aliniona kama nimemtukana. Kwenye ya tatu daktari aliinuka mwenyewe, akafungua, akanionyesha kipimajoto na daftari wanamoandika nyuzi asubuhi na jioni, kisha akanionyesha boksi la barafu la siku umeme unapokatika. Ukutani palikuwa na cheti chake cha kusajiliwa na Bodi ya Madaktari wa Mifugo ya Uganda. Tumebaki kwake mpaka leo.

Siku alipomchanja Jasiri, mbwa wetu wa sasa, alinisogeza karibu nione. Chanjo ile huja kwa vichupa viwili, kimoja kina ungaunga mkavu ulioganda na kingine kina maji yake. Alivichanganya mbele yangu, akachoma papo hapo, akabandua vibandiko vya vichupa na kuvibandika kwenye kadi, akaandika tarehe na uzito, akatia sahihi. Kadi isiyo na kibandiko wala sahihi ni karatasi tu, kama kile kikaratasi cha Simba.

Kwenye benchi la pale nimejifunza mengi kwa kuwasikiliza wenzangu. Mama mmoja Mkongo, ambaye huja na paka wake ndani ya kikapu chenye mfuniko, aliniambia kwamba mahali alikokuwa akienda zamani hakuna aliyemweleza paka anaumwa nini. Alipewa dawa na bei, basi. Mzee mmoja wa Ggaba alinipa sababu yake ya kumwamini daktari huyu. "Mama, siku niliyompenda ni siku aliyoniambia hana mashine ya kuangalia mfupa wa mbwa wangu. Akaniandikia barua niende Makerere, kule wanakofundisha madaktari wa mifugo." Wengi wetu tunadhani daktari mzuri ni yule anayekubali kila kazi. Mzee yule ameniondoa huko.

Nawe usimshushe sakafuni kliniki mtoto wa mbwa ambaye hajamaliza chanjo. Mshike mapajani, kwa sababu mgonjwa aliyetoka pale dakika kumi zilizopita huenda alikuwa na kile kile kilichomuua Simba. Kama wako ndiye anayetapika na kuharisha damu, piga simu kabla hujapanda bodaboda, ili wakupokee pembeni na wengine. Kikohozi au degedege kirekodi kwa simu, maana mnyama akifika kwa daktari mara nyingi hakifanyi tena. Bei uliza kabla ya kazi kuanza, na risiti uidai.

Paka wetu Malaika nusura tumpoteze kwa huruma. Alikuwa anachechemea, na shangazi yangu, aliyekuja kutoka Arua kututembelea, akampa nusu kidonge cha Panadol. Jioni fizi zake ziligeuka rangi ya udongo na uso ukavimba. Nilibeba kile kikaratasi cha dawa, na nashukuru nilikibeba, kwa sababu daktari aliuliza mambo matatu tu kabla ya kuanza kazi: dawa gani, kiasi gani, saa ngapi. Ini la paka haliwezi kuivunja Panadol. Inamuua hata kwa kiasi ambacho kwa mtoto wa binadamu ni kidogo. Malaika alipona baada ya siku nne. Shangazi alilia kuliko sisi sote, nami nikamwambia, "Shangazi, ulitaka apone, hukujua." Lakini wewe unayesoma sasa umejua. Dawa za maumivu za watu, na diklofenaki ni mojawapo, usimpe mbwa wala paka. Dawa ya kupe ya ng'ombe usiikadirie kwa kifuniko cha chupa ukampaka mbwa. Na dawa ya kupe ya mbwa usimpake paka kabla hujamwuliza daktari, kwani nyingine zina pemethrini, ambayo kwa paka ni sumu.

Kuhusu kichaa cha mbwa sitazunguka. Mtu akiumwa na mbwa, kidonda kioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali ya watu siku hiyo hiyo, hata kama mbwa anaonekana mzima. Dalili za kichaa zikishaanza kwa binadamu, karibu hakuna anayepona. Jasiri alipomkwaruza kwa meno mtoto wa jirani, tulifanya hivyo, na kadi ya chanjo nikampa mama yake aende nayo hospitali. Mbwa tulimfungia siku 10, daktari akija kumtazama. Jirani hakugombana nami, na najua ingekuwaje kama kadi ile isingekuwepo. Chanjo hii huanza mbwa akiwa na miezi mitatu, hurudiwa baada ya mwaka, na baada ya hapo ufuate tarehe iliyoandikwa kwenye kadi.

Jambo la mwisho nililomwuliza daktari siku ile ya friji lilikuwa hili: saa tisa usiku nani atapokea simu? Akaniandikia namba yake na ya msaidizi wake. Nimeziandika kwa maka nene ukutani jikoni, juu ya swichi ya taa, mahali ambapo hata binti yangu anazifikia.