Kabla ya Kupanda Miti Ukingoni, Panda Mlima

Miche 400 tuliyoipanda kando ya mto ilidumu wiki tisa. Tulichimba mashimo kwa mikono yetu, tukatia samadi, tukamwagilia kwa ndoo. Ikanyesha mvua moja ya saa mbili, mto ukafura ukiwa mwekundu kwa udongo, na asubuhi tukakuta ukingo wenyewe umemeguka. Miche ilikuwa imekwenda pamoja na ardhi tuliyoipandia.

Nawaandikia wenye kikundi na nia ya kuokoa mto wao, kwa sababu nimeona wengi wakianzia pale pale tulipoanzia sisi.

Aliyetuzindua ni mzee mmoja mvuvi. Alituuliza kama kuna yeyote kati yetu aliyewahi kufika juu zaidi ya daraja. Hakuna. Basi kesho yake tukafuata kijito hadi kilipoishia, tukapanda mteremko mpaka mahali ambapo hapana mto kabisa, ila barabara ya vumbi na kalavati moja. Maji yote ya mlima yalikusanywa na mtaro wa barabara, yakapita kwenye kalavati, yakatemwa upande wa pili kwa nguvu kwenye udongo laini. Hapo palikuwa pamechimbika korongo la kumfika mtu mzima mabegani. Kuta zake zilikuwa bado mbichi, mizizi ya nyasi inaning'inia hewani. Udongo wake ulikuwa mwekundu ule ule.

Kwa hiyo jambo la kwanza ninalokuomba ni kutembea. Bonde la mto ni kila kipande cha ardhi ambacho tone la mvua likikiangukia litaishia kwenye mto huo: shamba, njia ya mifugo, paa la nyumba, barabara. Vaa mabuti, toka mvua inaponyesha, angalia maji yanakusanyikia wapi na yanaanza kukimbia wapi. Siku moja ya namna hiyo itakufundisha kuliko ramani.

Na sasa kukimbia huko kumekuwa hatari zaidi. Kwa kila nyuzijoto 1 ya Selsiasi ya joto linaloongezeka, hewa inaweza kubeba mvuke zaidi kwa takriban asilimia 7. Mvuke huo hurudi kwa mvua za kishindo. Kiangazi kikifika, hewa hiyo hiyo yenye joto hufyonza unyevu wa udongo kwa pupa. Mto unapigwa mara mbili, na tiba ya mapigo yote mawili ni ile ile: yacheleweshe maji juu huko, yapate muda wa kuzama ardhini, kisha yatoke polepole kwenye chemchemi wakati hakuna mvua.

Korongo tulilitibu kwa vizuizi vya mawe, na hapa tulikosea tena. Kizuizi cha kwanza tulikijenga juu kukiwa sawasawa kama ukuta. Maji yakakizunguka, yakala kuta za pembeni, korongo likapanuka. Katikati ya kizuizi lazima pawe chini kuliko pembeni ili maji yapite hapo, na ncha zake zizamishwe ndani ya kuta. Chini yake, maji yanapoangukia, tandaza mawe. Anza na kile cha juu kabisa, halafu panga vingine ili kimo cha kizuizi cha chini kilingane na kitako cha kile kilichokitangulia. Pembeni tulipanda vetiva, nyasi ambayo mizizi yake hushuka wima hadi mita 3, tukiipanda kwa kubanana.

Kazi ngumu kuliko mawe ilikuwa tindiga, yaani ardhi ya majimaji iliyoko huko juu. Lilikuwa limechimbwa mifereji likaushwe lilimwe, na sisi wa chini tulifika tukiwa na maneno ya lawama. Hatukusikilizwa, na ilikuwa haki. Wale walikuwa na watoto wa kulisha. Tuliporudi tulikwenda na majembe, tukawasaidia kuchimba matuta ya fanya juu kwenye mashamba yao ya mteremkoni, yale ambayo udongo wa mfereji hutupwa upande wa juu. Mashamba yalipoanza kushika unyevu, wao wenyewe walipendekeza nusu ya tindiga iachwe na mifereji yake izibwe. Leo tuko jumuiya moja ya watumia maji. Usiende kwa mtu wa juu ukiwa na katazo tu mkononi.

Tindiga likipotea, mto mzima hulipa. Great Ruaha nchini Tanzania ulikuwa ukitiririka mwaka mzima, lakini tangu 1993 ukawa unakauka kila kiangazi ndani ya hifadhi ya taifa, viboko wakibanana kwenye madimbwi, baada ya maji mengi kuchukuliwa kwa umwagiliaji na tindiga la Ihefu kupungua.

Baada ya mafuriko atatokea pia mtu wa kutaka kuunyoosha mto kwa katapila ili maji yapite upesi. Kataa. Mto Kissimmee wa Florida, Marekani, ulinyooshwa kati ya 1962 na 1971, kutoka kilomita 166 hadi mfereji wa kilomita 90. Ardhi oevu ikakauka, ndege wa majini wakahama. Kazi ya kurudisha sehemu ya mikunjo yake ilianza 1999 na ujenzi ukakamilika 2021.

Miti ukingoni tulirudia kuipanda msimu wa tatu, matete mbele, miti ya asili nyuma yake. Mikaratusi hatukuitaka, inakunywa mno. Kivuli cha miti hiyo ni uhai wa samaki: maji ya nyuzijoto 20 hushika takriban miligramu 9 za oksijeni kwa lita, yakifika 30 hushika kama 7.5 tu.

Weka daftari tangu siku ya kwanza. Sisi tuna nguzo yenye alama za sentimita chini ya daraja, na kila mwanzo wa mwezi mmoja wetu husoma kimo cha maji, kisha hugeuza mawe kumi. Tunatafuta vijidudu bapa vyenye mikia mitatu myembamba kama unywele, vinavyokimbilia gizani ukigeuza jiwe. Havivumilii tope wala uchafu. Kurasa nyingi za mwanzo zimeandikwa sifuri. Mwezi uliopita ilikuwa zamu yangu, na kwenye jiwe la nne nilihesabu saba, nikalirudisha taratibu upande ule ule lilivyokuwa.