Uliza Fundi: Muuzaji wa soda au muuzaji wa kaboni?

*Shikamoo fundi. Mi nachomelea mageti na madirisha huku Mbagala. Vifaa vyangu nanunua duka moja Gerezani miaka na miaka, jamaa ana lugha nzuri sana, ukiingia tu "boss karibu", soda ya baridi, anakuulizia mpaka watoto. Sasa juzi kati nimenunua grainda ya kukatia chuma kwake, haijamaliza hata mwezi inawaka na kuzima, nimeirudisha kaniambia hayo ni matumizi yangu, alafu kanionyesha ukutani pameandikwa bidhaa ikishauzwa hairudishwi. Mtaa wa pili kuna duka lingine, grainda hiyohiyo inauzwa elfu 15 zaidi na mzee anayeuza hacheki na mtu. Ila naona tabu kumwacha huyu wa kwanza, tumezoeana. Nishauri.*
Fundi mageti, Mbagala

Marahaba. Huyo jamaa amekuzoea siku unazotoa hela, siku umerudi na mzigo umezingua hakujui. Soda kwa joto la Gerezani ni kitu kizuri, siikatai hata mimi, lakini grainda haiwaki kwa soda.

Grainda ikianza kuwaka na kuzima kitu cha kwanza kuangalia ni kaboni, vile vipande viwili vyeusi vinavyopeleka umeme kwenye sehemu inayozunguka. Vinalika na kazi, ni kawaida, ndo maana waranti nyingi haziviingizi. Muuzaji anayeijua biashara yake habishani na wewe kaunta, anahakikisha plagi imechomolewa, anachukua bisibisi, anafungua, anatoa kaboni anakuwekea kwenye kiganja uone mwenyewe kama imelika mpaka kwenye alama au bado. Anasoma namba iliyochongwa pale, za Makita kwa mfano zinaanza na CB, anatoa pea nyingine, anabadili zote mbili kwa pamoja maana ukibadili moja umefanya nusu kazi, anawasha mbele yako. Unalipa hela ndogo unarudi kwenye geti lako. Na kama kaboni bado nzima basi aangalie swichi, au waya umekatikia ndani pale kwenye mshikio, na hapo kwa mashine ambayo haina hata mwezi hilo ni la muuzaji, sio lako.

Sasa fanya hivi, hiyo grainda ipeleke kwa huyo mzee asiyecheka, usinunue kitu, mwambie tu nina shida hii. Akiifungua na akakwambia ukweli, hata kama ukweli wenyewe ni kwamba mashine ni feki, basi hiyo elfu 15 ya juu ni bei halali kabisa. Piga hesabu wewe mwenyewe, siku moja geti likisimama unapoteza shilingi ngapi, kijana wako kakaa kwenye ndoo anasubiri na posho yake iko palepale, mteja anapiga simu kila nusu saa. Akikujibu ovyo naye achana naye, ukali bila huduma ni ukali tu.

Na hilo bango la ukutani lisikutishe. Tuna Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 na ina vipengele vya kumlinda mnunuzi, Tume ya Ushindani (FCC) ipo kwa ajili hiyo na kwa ajili ya bidhaa bandia pia, kibao cha rangi hakiwezi kumpa mtu ruhusa ya kukuuzia kitu kibovu. Ila utakwenda na nini mkononi? Ule wimbo wa TRA wa "ukiuza toa risiti, ukinunua dai risiti" watu wanadhani ni wa kodi peke yake, kumbe bila risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, hata muuzaji mwenyewe anaweza kukukana. Nina wasiwasi na nyie mliozoeana huwa hamuandikiani risiti.

*Habari fundi, mi ni dada, fundi bomba, niko Dodoma. Kila nikiingia dukani naulizwa "umetumwa na nani?" au naambiwa nimpigie fundi simu aseme anataka nini. Siku hizi namtuma msaidizi wangu wa kiume ananunua vizuri tu ila analetewa vitu sivyo. Nifanyeje?*

Pole dada, na hongera kwa kazi. Usimtume tena kijana, nenda mwenyewe na uwe mkaguzi. Tuseme umekwenda kununua diski ya grainda: muuzaji wa kubaki naye utamjua kwa swali lake la kwanza, mwingine anauliza nani kakutuma, mwingine anauliza unakata nini, chuma au zege, na mashine yako ni ya ukubwa gani. Hilo la pili ndo huduma. Maana diski ndogo ya milimita 115 imeandikwa mwisho mizunguko 13,300 kwa dakika hivi, ile kubwa ya 230 mwisho wake ni kama 6,600, sasa mtu anayemuuzia fundi diski kubwa aifunge kwenye grainda ndogo iliyotolewa kava, na ile inazunguka kama 11,000, huyo anauza ajali. Alafu muangalie anafanyaje ukigeuza diski kusoma ile ringi ya chuma katikati. Zile diski za kukatia chuma zina tarehe ya mwisho pale, mwezi na mwaka, kawaida miaka 3 toka zitengenezwe. Wengi watakushangaa. Atakayekuja kusoma pamoja na wewe na kuondoa zilizopita kwenye shelfu, mpe hela yako mwezi mzima na mafundi wenzako waambie. Yule wa "umetumwa na nani" mwache abaki na stoo yake.

*Fundi, drili ya betri ya volti 20 ina nguvu kuliko ya volti 18? Muuzaji kaniambia niongeze hela nichukue ya 20.*

Kwa hizi za betri za lithiamu zenye seli tano mfululizo (vibetri vidogo vya ndani) ni kitu kilekile. Seli moja ikiwa imejaa chaji ni volti 4 na kidogo, mara 5 ni 20 na kidogo, ikiwa kazini inahesabiwa 3.6, mara 5 ni 18. Kampuni moja imeandika namba ya juu nyingine ya kawaida, basi. Muuzaji aliyekwambia hivyo ama hajui ama anajua sana. Muulize swali lingine, betri ya akiba anayo na anauza bei gani, kwa sababu betri ya Makita haiingii kwenye DeWalt wala Bosch, ukinunua drili leo umeshafunga ndoa na kampuni, na kama dukani kwake betri hakuna utahangaika.

*Nina duka la vifaa Makambako. Wateja wanauliza bei wanaondoka. Nishushe?*

Usishushe kwanza. Weka soketi kaunta mteja ajaribu mashine kabla hajalipa, weka kaboni na swichi za kila mashine unayouza, na kijana wako afundishwe kuzibadili, kazi yenyewe sio ngumu. Kuwa na daftari, nani kanunua nini lini, akirudi usimuulize "una uhakika ulinunua hapa?" Na fungua mapema bana, mafundi wanatafuta diski saa moja asubuhi wakielekea saiti, ukifungua saa tatu umeshamkuta kanunua kwa jirani.