Kwa mpwa wangu wa Kijitonyama, kuhusu kazi yangu Uingereza

Mpwa wangu, umeniandikia kwamba huko nyumbani inasemwa mjomba wako analipwa pauni kwa kukaa vikaoni tu, na kwamba wewe, unayejua kuandika programu na kuzungumza Kiingereza, utaipata kazi hiyo kwa urahisi. Maneno hayo yameniudhi, nami nakujibu bila kuficha.

Kazi yangu ni kuwaelewanisha wanaotengeneza programu na wanaoziuza au kuzinunua. Mfanyabiashara wa Kariakoo akisema "mteja amelipa", anamaanisha fedha zimeingia na mzigo unaweza kutoka. Mtengenezaji wa programu huenda akamaanisha kwamba ombi la malipo limetumwa, ilhali uthibitisho wa kampuni ya simu haujarudi. Mzigo hupotea katikati ya maana hizo mbili. Mtu wa kazi hii huajiriwa ili aseme mapema, kwa maandishi, kwamba jambo halijawa tayari.

Hapo ndipo panaponiuma. Viza yangu imefungamana na mwajiri: akiniachisha kazi, kwa kawaida hupewa siku 60 nipate mdhamini mwingine au niondoke. Mwaka jana watu wa mauzo walimwahidi mteja mfumo ndani ya wiki 3, nao watengenezaji wakaniambia hauwezi kukamilika kabla ya miezi 2. Nilijua la kuandika. Lakini nilizihesabu zile siku 60, nikaikumbuka ada ya mdogo wako, nikamwandikia mteja barua laini isiyosema lolote. Mfumo ulichelewa, vijana wawili wakakesha majuma mazima, na mmoja wao hadi leo hanisalimii. Simlaumu.

Basi usije. Kima cha chini cha jumla cha mshahara wa mwaka kwa viza hii kilipanda kutoka pauni 26,200 hadi 38,700 mwezi Aprili 2024, kisha 41,700 Julai 2025, na waajiri wengi hawataki kudhamini anayeanza. Hata hivyo, akitokea wa kukudhamini, usimkatae, kwani ujuzi nilioupata hapa siujutii. Kwa sasa nenda Kariakoo, ukae na mwenye duka wiki nzima, uandike anachohitaji, kisha umsomee mpaka aseme ndicho.

Mwambie pia mama yako kwamba fedha za mwezi huu zitachelewa kwa wiki mbili, na zitakuwa nusu. Nitampigia mwenyewe Jumapili.