Kilomita Hazikwambii Utafika Saa Ngapi

Mara ya kwanza kusafiri mbali kwa ndege, nilitafuta umbali kati ya miji miwili, nikagawa kwa kilomita 900 kwa saa, kisha nikamwambia mjomba aliyekuwa aje kunipokea kwamba saa tisa alasiri nitakuwa nimeshatoka nje. Mzee wa watu alinisubiri hadi magharibi, na simu yangu haipatikani. Mpaka leo jambo hilo linaniuma, ndiyo maana naandika haya.

Umbali unaooneshwa mtandaoni ni wa njia fupi kuliko zote juu ya mviringo wa dunia. Ndege haiifuati njia hiyo moja kwa moja. Huzunguka dhoruba, hupangiwa njia na waongoza ndege, na hukwepa anga lililofungwa. Kabla ya 2022, Helsinki hadi Tokyo ilikuwa safari ya saa tisa na nusu hivi. Tangu ndege hizo zilipoacha kupita juu ya Urusi, imekuwa kama saa kumi na tatu, na miji yenyewe ni ile ile.

Halafu kuna upepo. Kule juu zinakopita ndege kubwa, hasa mbali na ikweta, huvuma mkondo mkali kutoka magharibi kwenda mashariki. London na New York zimeachana kwa kilomita 5,550 hivi: kwenda New York huchukua kama saa nane, kurudi kama saa saba. Februari 2020 ndege moja ya abiria ilibebwa na upepo huo ikafika London kwa chini ya saa tano. Kwa hiyo muda wa kwenda usiufanye kipimo cha kurudi.

Siku hizi nagawa kilomita kwa 800, kisha naongeza nusu saa. Hiyo nusu saa ni ya ndege kutambaa hadi njia ya kurukia, kupanda, na kupunguza mwendo kabla ya kutua. Ndiyo maana hata safari ya kilomita 400 hukaribia saa nzima.

Ukishapata tiketi, iamini kuliko hesabu hiyo, ila uisome vizuri. Saa ya kuondoka ni ya mji unaotoka, saa ya kufika ni ya mji unaokwenda; usitoe moja kwa nyingine kabla ya kujua miji hiyo inapishana saa ngapi. Na sisi tuliozoea saa za Kiswahili tuwe makini zaidi. Tiketi ikisema 00:30 tarehe 12, hiyo ni saa sita na nusu ya usiku ulioanza jioni ya tarehe 11. Ukienda uwanjani jioni ya tarehe 12, ndege yako ina karibu siku nzima tangu iondoke. Nimemwona mama mmoja akilia mbele ya kaunta kwa kosa hilo, na hakuna aliyeweza kumsaidia zaidi ya kumuuzia tiketi nyingine.

Kutua nako si kufika. Foleni ya uhamiaji na kusubiri mizigo huweza kula saa nzima au zaidi. Sasa anayenipokea nampa namba ya ndege aifuatilie mwenyewe, na namwomba asitoke nyumbani mpaka nimpigie nikiwa nimeshika begi langu mkononi.