Maswali ya Wasomaji: Kujaziwa Ritani ya Kodi Bila Malipo Nchini Marekani

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi na mume wangu tunaishi Columbus, Ohio, pamoja na watoto wetu watatu. Mimi nafanya usafi hotelini na mwenzangu anapakia mizigo ghalani. Mwaka jana tulijaziwa ritani ya kodi na mtu ambaye hakututajia bei tangu mwanzo, kisha akajikatia ada yake kwenye marejesho yetu kabla hatujaona hata senti moja. Sasa kanisani tumeambiwa kwamba wako watu wanaojitolea kufanya kazi hiyo bure. Je, ni kweli, au tutaingia mtego mwingine? Na tukienda, tubebe nini?
Mama wa watoto watatu

JIBU: Dada yetu, mliyoambiwa ni kweli. Mpango huo unaitwa VITA, unasimamiwa na IRS, ambayo ni mamlaka ya kodi ya serikali kuu ya Marekani, na umekuwapo tangu mwaka 1969. Wanaojitolea si watu wa kubahatisha, kwani hufundishwa sheria za kodi, hufanya mtihani na kupata cheti kinachotambuliwa na IRS, na kila ritani wanayoijaza hukaguliwa na mtu wa pili kabla ya kutumwa. Katika msimu wa 2025 huduma hiyo ililenga watu wenye kipato cha hadi dola 67,000 hivi kwa mwaka, pamoja na wenye ulemavu na wasiokimudu Kiingereza vizuri. Wenye umri wa miaka 60 na kuendelea wana mpango wao pia, uitwao TCE.

Kabla ya yote, nakuomba uitoe nakala ya ritani yenu ya mwaka jana na kuufungua ukurasa wa pili wa fomu 1040, ambayo ndiyo fomu kuu ya ritani. Chini kabisa pana sehemu ya mtu aliyelipwa kuwajazia, ambapo sheria inamtaka atie sahihi na kuandika namba yake ya utambulisho iitwayo PTIN. Ikiwa sehemu hiyo iko tupu, au imeandikwa kwamba mlijaza wenyewe, basi mtu huyo alijificha, na lolote lililoandikwa humo mtaulizwa ninyi. Angalia pia namba ya akaunti ya benki ambamo marejesho yaliagizwa yapelekwe, uilinganishe na yenu. Kama hakuwapa nakala kabisa, hiyo peke yake ni sababu tosha ya kutorudi kwake.

Nasisitiza hivyo kwa sababu kwa familia kama yenu fedha zinazozungumzwa si ndogo. Upo unafuu wa kodi kwa wafanyakazi wenye kipato cha chini, unaoitwa EITC, ulioanzishwa mwaka 1975, ambao hulipwa hata kama kodi unayodaiwa ni sifuri. Kwa mapato ya mwaka 2024, familia yenye watoto watatu au zaidi iliweza kupata hadi dola 7,830, kutegemea kipato chake, mbali na unafuu mwingine unaotolewa kwa ajili ya watoto. Ili kuupata, ninyi wawili na watoto mnaowaombea lazima muwe na namba za Social Security (hifadhi ya jamii) zinazoruhusu kufanya kazi. Mwenye namba ya ITIN, ambayo ni namba ya kodi ya asiyestahili kupata ya Social Security, anaweza kujaziwa ritani katika vituo vya VITA, lakini EITC hapewi. Wapo wengi wanaoukosa kwa sababu tu walidhani kwamba mwenye kipato kidogo hana haja ya kupeleka ritani, nami naliona hilo kuwa hasara kubwa, maana usipopeleka ritani hulipwi. Aliyeukosa miaka ya nyuma bado anaweza kuudai, kwa kawaida ndani ya miaka mitatu.

Jihadharini na anayedai asilimia ya marejesho yenu, kwani IRS yenyewe huwaonya walipa kodi wawaepuke watu wa namna hiyo. Aidha, sheria hairuhusu marejesho yenye EITC kutolewa kabla ya katikati ya Februari, kwa hiyo anayewaahidi fedha mkononi siku hiyo hiyo anawapa mkopo, na mkopo una gharama zake.

Siku ya miadi nendeni wote wawili, kwa sababu ritani ya pamoja inahitaji sahihi zenu nyote. Bebeni vitambulisho vyenye picha, kadi za Social Security za familia nzima, fomu W-2 inayoonyesha mshahara na kodi iliyokatwa, kutoka kwa kila mwajiri, ritani ya mwaka jana, na namba za akaunti ya benki. Kama mlinunua bima ya afya kupitia soko la serikali, fomu 1095-A isikosekane; na kama mlimlipa mtu kulea watoto mlipokuwa kazini, leteni jumla ya malipo na namba yake ya kodi. Kituo cha karibu mtakipata kwa kupiga simu 800-906-9887, na mnapoweka miadi ulizeni kama kuna mkalimani wa Kiswahili, ili kazi hiyo asibebeshwe mtoto.

SWALI: Mimi ni dereva wa teksi za programu za simu huko Louisville, Kentucky. Sina W-2. VITA watanipokea?

JIBU: Vituo vingi vitakupokea, ndugu yetu, mradi biashara yako haikupata hasara na gharama zake hazikuvuka kiwango walichowekewa. Lililo zito kwako ni kwamba hakuna mwajiri anayekukata kodi, na faida ikifika dola 400 kwa mwaka, unadaiwa kodi ya aliyejiajiri ya asilimia 15.3. Kinachokupunguzia mzigo ni daftari la maili. Kwa mwaka 2025 kila maili ya kazi ilihesabiwa senti 70 kama gharama, lakini lazima uandike tarehe, safari na maili wakati zinapotokea, kwani makadirio ya kukisia mwisho wa mwaka hayatakusaidia ukikaguliwa. Mwombe pia anayekujazia akukokotolee malipo ya awali ya mwaka unaofuata, ambayo hulipwa mara nne, kuanzia Aprili 15.